Sahani ya Wakubwa

Kocha wetu hakutazama penalti hata moja. Mwamuzi akishapiga filimbi na kunyoosha kidole, yeye aliupa uwanja mgongo, akakazia macho ukuta wa gereji uliokuwa nyuma yetu kana kwamba mechi inachezwa huko. Kisha aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa mkazi wa kudumu wa benchi: "Imeingia?"

Hapo palikuwa na shida. Mimi ni mtu ambaye neno likitoka kifuani linakuja kwa miguu. Kabla sijafungua kinywa, wenzangu walikuwa tayari wanakumbatiana, au wamekaa chini wameshika vichwa, na Kocha alikuwa amejua jibu kwa kelele zao. Hata hivyo alingoja. Watu wote wakiwa wamekwisha kutulia, nilisema: "Imeingia, Kocha." Naye alinishukuru kwa heshima, kama mtu aliyeletewa habari kutoka mbali.

Mwezi uliopita nilimkumbuka kuliko kawaida. Mdogo wangu, mwenye miaka kumi na miguu isiyojua kutulia, anacheza kwenye timu ya wadogo ya mtaani kwetu Jabe. Kocha mpya wa timu hiyo, kijana mwenye filimbi ya kweli na simu mbili, alinisimamisha mbele ya meza ya mama sokoni.

"Gran," aliniambia, kwa maana ya kaka mkubwa, "mudogo yako namupandisha kwa kadeti. Jumapili tuko na mechi. Kesho unipe jibu."

Kadeti ndiyo timu ya wakubwa. Wana miaka kumi na tano, na baadhi yao husema hivyo huku wamekwisha kunyoa ndevu. Nilitaka kumjibu kwamba jambo hili linahitaji kufikiriwa. Nikasema, "Sawa." Akaniminya mkono, akaenda zake.

Baba alikuwa Kigoma na meli ya mizigo, simu yake haipatikani. Mama, ambaye anauza ndagala kavu, aliwafunga samaki wa mteja kwenye karatasi, akasema bila kuinua macho: "We ndiye ulichezaka na bakubwa. We amua."

Ni kweli, nilicheza na wakubwa. Mechi moja. Nitaisimulia, kwa sababu siwezi kumsimulia Kocha bila kuisimulia, lakini naomba kwanza niizunguke kidogo.

Kocha alikuwa fundi wa pikipiki Buyenzi. Alikuja uwanjani na kofia yake nyeupe ya Kiislamu, suruali ya michezo iliyopauka mguu mmoja tu, na harufu ya petroli iliyotangulia kufika. Filimbi hakuwa nayo. Alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi, na baada ya kila mluzi alitema mate kwa sababu ya ladha ya oili. Alipenda kusema, "Nasema mara moja tu!" Kisha alisema jambo lile mara nyingi kiasi kwamba hata wanawake waliopita na mabeseni ya nyanya walijua beki wa kulia anatakiwa kusimama wapi. Siku moja mmoja wao alimwelekeza beki, na Kocha akamwambia beki amtii mama yule.

Mtoto akianguka na kulia, alimwambia, "Kulia ni nyumbani, kule kuna mama. Hapa inuka." Yeye mwenyewe alilia kwenye kila arusi aliyoalikwa, na kwenye nyingine ambazo hakualikwa. Mpira wetu ulipokanyagwa na lori karibu na soko, aliubeba ukiwa umebonyea kama kofia, akaketi nao pembeni, tukalazimika kumwambia sisi: inuka, Kocha.

Alikuwa mkali sana juu ya kuchelewa. Aliyechelewa alizunguka uwanja mbio wakati wengine wanacheza. Lakini pikipiki za watu haziharibiki kwa ratiba, na yeye ndiye aliyechelewa kuliko sote. Basi alipochelewa alivua kandambili zake, akazishika mkononi, akazunguka. Tulisimama kumtazama kwa furaha ambayo sasa naionea haya. Akimaliza, akiwa ameinama na mikono magotini, alisema: "Bo. Haya, nani mwengine amechelewa?"

Wakati wa sala ya alasiri alisimamisha mazoezi, akatawadha kwa maji ya bidoni, lile dumu la njano, akatandika msala wake kando ya mstari. Tatizo lilikuwa mpira. Ukiuacha mpira chini mbele ya watoto thelathini, watoto hao hawawezi kuungoja hata kidogo, wawe Waislamu au Wakristo kama mimi. Mara ya kwanza alisali huku nyuma yake watu wanafunga magoli. Tangu hapo alinikabidhi mimi. Nilikaa juu ya mpira kama kuku, na wakubwa wakaja kunibembeleza, kunitisha, kuniahidi maandazi. Sikuutoa. Watu walidhani ni uaminifu. Ukweli ni kwamba niliogopa kusimama mbele ya watu. Kocha alipomaliza sala alinipiga kofi dogo la kichwa akasema, "Huyu ni kabati. Ukiweka kitu, unakikuta." Jina likanibakia. Mpaka leo Buyenzi wapo mafundi wanaoniita Kabati, na wengine wanadhani nauza fanicha.

Sasa nije kwenye sahani.

Watoto wetu wengi hawakuwa na karatasi za kuzaliwa, na wazazi walitaja umri wa mtoto kulingana na faida. Akitakiwa kulipiwa basi, ana miaka minne. Akitakiwa kuingia timu inayosafiri, ana kumi na sita. Kocha alichoka na hesabu hizo. Alikuwa na njia yake. Ijumaa mkewe alipika sahani moja pana kama tairi, wali chini, maharage juu, na ndagala wa kukaanga katikati. Wakubwa walikaa chini kuizunguka. Mtoto aliyetaka kupanda kwa wakubwa aliketishwa kati yao, hakupakuliwa, hakukaribishwa mara mbili. Kocha alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akatazama. Mtoto aliyeinuka ameshiba alipanda. Aliyeinuka na njaa alibaki kwa wadogo.

Watu walimcheka. Yeye hakujali. "Miguu naona uwanjani," alisema. "Lakini kule uwanjani siwezi kuona kama anaogopa gran wake. Hapa naona."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na niwe mkweli, miguu yangu ilikuwa mizuri. Peke yangu na ukuta nilikuwa mchezaji hatari. Ukuta haukuwahi kunishinda. Niliwataka wakubwa kwa sababu wao walipanda gari kwenda kucheza mitaa mingine, na mimi nilikuwa sijawahi kuketi kwenye gari nikiwa mtu anayengojewa na watu wengine huko linakokwenda. Kocha akasema, "Ijumaa uje."

Nyumbani kwetu nimefundishwa hivi: wakubwa wanaanza, wadogo wanafuata, na kipande kizuri hakiguswi mpaka mkubwa akisogeze kwako. Nikapeleka tabia hiyo kwenye sahani ya Kocha. Niliketi, nikangoja mkubwa mmoja anisogezee ndagala. Wakubwa wale walikuwa wametoka mazoezini. Nilishika punje za wali zilizokuwa ukingoni, nikazila moja moja kwa adabu, kama mtu anayeonja chumvi. Kapteni, aliyetuita wadogo wote petit, aliniuliza, "Petit, we mugonjwa?" Nikasema apana. Sahani ilipoanza kuonyesha maua yaliyochorwa chini yake, Kocha alinyanyua kikombe, akamwambia mkewe, "Mupe huyu mukate. Arudi kwa wadogo."

Nilirudi nyumbani nimeamua kujifunza kula. Wengine hufanya mazoezi ya mashuti. Mimi nilifanya mazoezi ya maharage. Nilimeza bila kutafuna, niliunguza ulimi, nilinyoosha mkono juu ya mkono wa baba. Mama alinitazama siku ya kwanza, siku ya pili akaniuliza kama tumbo linauma, siku ya tatu akaninunulia dawa ya minyoo. Niliinywa. Ningesema nini? Nilikunywa dawa ya minyoo kwa ajili ya kandanda, na sijui mchezaji mwingine aliyejitoa namna hiyo.

Dada wa jirani ndiye aliyemwambia mama habari za sahani. Mama alikuja uwanjani na aproni yake ya sokoni, katikati ya mazoezi.

"We Kocha, mutoto wangu anameza chakula sawa bata. Nani amemufundisha?"

"Mama, mi nafundisha mupira."

"Mupira unachezwa na tumbo?"

"Kwa bakubwa, mama, kidogo ndiyo."

"Mi nimemulea aachie bakubwa nyama. Watu wote wanasema, mutoto wa yule mama ana adabu. Sasa we unataka aichukue?"

Kocha alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Mama, adabu ni nzuri. Mi namupenda na adabu yake. Lakini kule, bakubwa hawatamusogezea. Anyooshe mukono tu. Kidogo. Akirudi kwako, aukunje."

"Mukono si kiti, unakunja, unakunjua," alisema mama. Lakini hakunikataza. Alikuwa ameona jinsi nilivyokuwa najificha nyuma ya nguzo ya goli nikitamani ardhi inimeze, na nadhani alinihurumia. Kabla ya kuondoka alimwachia Kocha mfuko wa ndagala. "Hizi ni za sahani," alisema. "Kama mutoto wangu atakula chakula cha watu, na yetu iwe ndani."

Ijumaa iliyofuata nilikula. Nilikula kwa macho yaliyofumbwa, ili nisione ni mkono wa nani ninaoupita. Nilichukua ndagala wa katikati. Kapteni alisema, "Eh!" Niliinuka nimeshiba mpaka pumzi inakuja kwa shida. Kocha alinitazama muda mrefu kuliko alivyowatazama wengine, akanywa chai yake yote, akasema, "Bo. Jumapili." Hakusema kwa furaha. Wakati ule sikuliona hilo, nilikuwa na shughuli ya kupumua.

Jumapili tulipanda gari. Nilipewa jezi iliyonifika magotini, hata dada mmoja wa kule aliuliza kama timu yetu imekuja na padri. Kipindi cha pili Kocha aliniingiza. Kuna mambo niliyoyafanya vizuri, na ningependa yaandikwe: nilimpita beki mmoja, na nilipiga pasi moja ambayo watu walisema "aaah". Kisha mpira ukaja kwangu karibu na goli letu. Nikaugeuza. Mbele yangu alisimama mshambuliaji wao, kijana mrefu mwenye sauti ya mwanaume kamili. Hakukimbia. Hakunisukuma. Alinyoosha mkono kama anavyonyoosha mjomba anayetaka maji, akasema, "Petit, leta."

Nikampa.

Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hili. Mkubwa ameomba kitu, nami ninacho. Nilimpigia pasi safi, ya ndani ya mguu, taratibu ili isimsumbue. Lau kanuni zingeruhusu mikono, ningempa kwa mikono miwili. Alishangaa hata yeye. Alisema "Asante," kisha akafunga.

Kipa wetu hakunitukana, alikosa maneno. Kapteni aliyapata kwa niaba ya wote. Nilitoka nje mwenyewe, bila kuitwa, nikakaa kwenye benchi nikijifunika na jezi ile, na ilinitosha mwili mzima. Kocha alikuja akachuchumaa mbele yangu. Nilingoja mluzi, nilingoja kofi. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Alisema nini?"

"Alisema leta."

"Na we?"

"Nilimupa, Kocha."

Aliweka kiganja mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika, na nilidhani analia kama kwenye arusi, kumbe anacheka, na alikuwa anajitahidi sana nisimwone. Alipoweza kusema, alisema, "Kosa ni yangu. Nilikupima tumbo. Sikukupima mudomo."

Kwenye gari aliketi kati yangu na kapteni njia nzima. Kila kapteni alipoanza, "Lakini Kocha, huyu mutoto," yeye alimuuliza habari ya jambo lingine: shule, baba yake, bei ya mkaa. Wiki iliyofuata alinirudisha kwa wadogo bila kutangaza. Hakuniita mwoga, na alimkataza kila mtu kulitaja neno lile la mshambuliaji uwanjani, jambo lililotuletea tabu, maana kwa muda fulani hakuna aliyeweza kuomba mpira. Sahani yake hakuiacha. Ijumaa aliendelea kusimama mlangoni na chai yake, akiwapandisha na kuwabakisha, kwa uhakika uleule. Hakuwa mtu wa kuacha njia yake kwa sababu tu imeshindwa.

Hayo yote niliyafikiri mbele ya meza ya ndagala, na nikaona kwamba siwezi kuamua. Nikisema apande, labda nitakuwa nimemtuma mdogo wangu akavae jezi ileile. Nikisema abaki, labda nitakuwa nimembakisha kwa sababu ya aibu yangu, si yake. Basi asubuhi iliyofuata, kabla kocha mpya hajaja kuchukua jibu, nilimshika mdogo wangu mkono tukaenda Kigobe.

Kocha sasa anaishi Kigobe kwa binti yake, kwa ajili ya miguu yake ambayo sukari imeiharibu. Ni nyumba yenye ukuta mrefu, geti la chuma, na majani mazuri ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyakanyaga. Zamu, mlinzi wa pale, alitutazama viatu kwanza, ndipo akatuingiza. Kocha alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kwenye kibaraza, amepungua, kofia imekuwa kubwa. Harufu ya petroli haikuwepo, na hilo lilinisikitisha kuliko miguu.

"Kabati!" alisema. "Mama bado ananikasirikia?"

Nilimsalimia. Nilimuuliza habari za afya, za usingizi, za binti, za wajukuu, za binti tena. Alinikatiza: "Sema." Nikaeleza, kwa njia ndefu, kwamba kuna jambo, si kubwa sana, kuhusu mtoto huyu na kadeti.

Kocha alimtazama mdogo wangu kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu. Akamwambia asogee, arudi nyuma, asimame kwa mguu mmoja. Mdogo wangu alifanya yote. Kocha akaegemea kiti. "Miguu iko. Apande. Jumapili acheze."

"Apana," alisema mdogo wangu.

Nilimfinya bega. "We! Unaambia Mzee apana?"

"Mi sitaki, Babu," alimwambia Kocha, bila kunisikia hata kidogo. "Kule nitakaa ku benchi tu. Na kipa wetu ni rafiki yangu, anaogopa mupira. Nikienda, nani atamusimamia mbele?"

"Na mi nikisema ni lazima?"

"Hata ukisema."

"Nikikununulia viatu?"

Mdogo wangu alifikiri. Niliona anafikiri kweli, viatu vyake vina mdomo wazi mbele. "Viatu nunua tu, Babu," alisema. "Lakini apana."

Kocha aliweka kiganja mdomoni. Mabega yalianza kutikisika. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kuomba msamaha, kwa niaba ya mtoto, ya mama na ya Jabe yote, lakini alininyamazisha kwa mkono.

"Huyu," alisema, "ningemuingiza kwa bakubwa leo. Saa hii."

"Kwa hiyo apande?" niliuliza.

"Kabati, hujasikia amesema nini?"

Nilikuwa nimesikia. Basi jambo limekwisha, niliwaza, na nikaanza kusimama. Lakini Kocha alikuwa bado ananitazama, na mdogo wangu naye akageuka kunitazama.

"Na kocha wake," aliuliza Kocha, "nani atamuambia?"

Nilisema kwamba labda mama, au baba akirudi, au tunaweza kumwandikia ujumbe kwenye simu.

"Simama kule." Alionyesha katikati ya majani. Nilisema majani hayakanyagwi. "Simama kule. Mi ndiye kocha wake. Nakuuliza: mutoto anakuja Jumapili?"

Nilisimama kwenye majani, kwenye vidole ili nisiyaumize. "Samahani, Kocha," nilianza, "kama haitakuletea usumbufu, nyumbani tulikuwa tunafikiri kwamba pengine..."

"Kocha wake ameshamupakia ku gari, wamefika, we bado unaanza. Tena."

"Apana," nilisema.

"Nani amesema? Ni ule mti?"

"Apana, Kocha."

"Masikio yangu yamezeeka. Anakuja, ndiyo? Asante sana, gran, tutamupa jezi."

Mdogo wangu alikuwa amelala kibarazani anashika tumbo kwa kucheka. Sijui kilichonisukuma ni kicheko chake, au ni neno jezi. Nilivuta pumzi, nikaweka visigino vyote viwili chini kwenye majani yale ya watu, nikapiga kelele "APANA!" kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Ndege waliruka kutoka kwenye ukuta. Binti wa Kocha alichungulia dirishani. Zamu alikuja mbio na fimbo yake, ananitazama mimi, anatazama majani.

"Kuna nini? Nani anamusumbua Mzee?"

Kocha alijifuta macho na pindo la kanzu. "Hakuna shida," alimwambia, akinionyesha mimi. "Ni mutoto wangu huyu. Leo anapanda kwa bakubwa."